Kitenge Yangu Yenye Madoa ya Klore

Munaangaliaka hii kitenge yangu na munachekea chini. Nimeona. Mumoja wenu alisema iko sawa ngozi ya chui mwenye kugonjwa. Si vibaya, hata mi nilicheka. Lakini hizi madoa nyeupe haziko za uzee. Ni klore, ile dawa ya kusafisha mayi. Mutu yote mwenye alisimamaka pa ziwa hapa mu muji ya Baraka kutia dawa mu bidoni za mayi za batu, iko na madoa ku nguo. Nyinyi bapya mumepewa jile mupya za kuvaa juu ya shati na ganti za mikono, munang'aa sawa samaki mukeke yenye imetoka mu mayi sasa hivi. Ngojeni. Klore itaanza ku pindo, itapanda pole pole mupaka ku magoti, na siku moja utaketi mu kanisa, mutu wa nyuma atajua kazi yako bila kukuuliza.

Mi sikusoma mingi. Nilifika mwaka ya pili, kiisha baba akasema ndagala haziwezi kujianika zenyewe. Hesabu yangu niliisomea pa ziwa. Musiniulize basi mwaka gani, tarehe gani. Nitasema tu wakati ya kolera, ao wakati ziwa ilipanda mupaka mu nyumba za batu, na benye balikuwa bataelewa.

Kazi kwanza, kiisha masimulizi. Juu nikianza na masimulizi, kazi hamutaisikia.

Ile dawa kali yenye iko mu ndoo, tunaiitaka dawa ya mama, iwekeni mu kivuli na kifuniko juu. Jua inaikulaka. Asubuhi iko simba, saa sita iko paka. Kuna mutu anatia dozi ileile siku yote, kiisha anashangaa juu ya nini batu bangali banahara. Bidoni kubwa na bidoni kidogo hazina dozi moja, hiyo muliambiwa mu formasio, mu mafunzo yenu. Yenye hamukuambiwa ni hii: muangalie bidoni yenyewe. Mama akikuya na bidoni yenye imeota kijani ndani, usimutilie dawa, atafikiri dawa inaosha uchafu. Umwambie atie muchanga na mawe kidogo kidogo, atikise sawa anacheza ngoma, amwage. Kiisha aingie mu ziwa mupaka magoti, apite penye banafua, apite na penye balobaji banapasua samaki, njo achote. Hapo sasa kamata seringe, pima dawa.

Mvua ikinyesha, muto Mutambala inaleta matope yake yote, na mayi ya ziwa huku pembeni inakuwa sawa chai ya maziwa. Hapo dozi peke yake ni bure. Bidoni itulie kwanza, mayi ichujwe na kitambaa safi, kiisha dawa. Na mutu akifika ku nyumba asikunywe. Angoje. Sisi hatukukuwa na saa ku mukono, tulikuwa tunasema: kamata sombe, ile majani ya muhogo, twanga mupaka ikuwe laini kabisa, ukimaliza kutwanga unaweza kunywa. Ukisikia harufu kidogo sana, sawa shuka yenye ilifuliwa jana, dozi ni muzuri. Hakuna harufu, rudi pa ziwa. Harufu inakupiga mu pua mupaka machozi, basi ulikutana na mi wiki yangu ya kwanza.

Ile wiki, bamama balifikiri dawa mingi ni afya mingi. Mutu anapita kwangu, namutilia, anazunguka nyuma ya mitumbwi, anarudi ku mwisho ya mulolongo na bidoni ileile, na sura ya mutu mwenye amefika sasa. Mi namutilia tena. Avenyu yetu, mutaa yote, ilikunywa mayi ya harufu ya hospitali, hata chai ya pasta ilikuwa inanuka. Njo nikajifunza kuweka alama ya makaa ku bidoni yenye imekwisha pata. Makaa, si shoki. Shoki inatoka na mayi. Andikeni hiyo, nyinyi benye munajua kuandika.

Mwanzo tulikuwa tunapima na kijiko. Kiisha kifuniko ya chupa. Kiisha seringe ikafika, tukajiona sisi bote ni baganga. Leo kuna robine, bomba ya mayi, mu avenyu, na telefone ya kutuma ripoti. Muzuri sana. Lakini robine ikikauka munajua batu banaenda wapi. Ziwa haina ufunguo.

Na dawa ya mama musiitoe kwa mutu yote, hata akibembeleza. Mama Riziki, ule muuza samaki mwenye sauti yake inafikaka Kazimia mbele ya mutumbwi, aliombaka tone moja tu kwa kufanya blouse yake ya kanisa ikuwe nyeupe. Sijue nani alimupa. Sikuuliza. Alimwanga mu beseni bila kuona kama suruali nyeusi ya bwana yake ilikuwa chini ya blouse. Suruali ilitoka nyekundu. Na bwana yake hakukuwa na ingine, akaenda nayo ku kuloba. Mupaka leo balobaji banamuita Kardinali. Mukimukuta mumusalimie vizuri, anapendaka kubariki batu.

Sasa Mama Goreti. Bila ule mwanamuke mi ningeacha hii kazi mwaka ya kwanza.

Alikuwa mukimbizi wa Burundi, mulimaji, na mugongo yenye haijue kupumzika. Alikuwa anakaa kule ku kambi, lakini alikuwa anakuya huku kulimia batu mihogo, na jioni anachota mayi hapa. Siku moja alinikuta ninagombana na mulolongo muzima. Ilikuwa wakati ya kolera, batu banazikwa, na habari mubaya ilikuwa imeingia mu mutaa: klore inafunga uzazi. Bamama balikuwa banaficha bidoni nyuma ya bitenge. Banaume balisimama pale na mikono mu mifuko sawa baaskari, kulinda bibi zao basitiliwe dawa. Mi nikapiga kelele, bakacheka. Nikaanza kulia, bakacheka zaidi.

Mama Goreti akaweka bidoni yake chini, akafungua kitenge ya juu, tumbo ikatokea. Ilikuwa tumbo ya miezi nane, haikufichika.

"Hii dawa ninaikunywa tangu siku ya kwanza," akasema, pole pole, na ile Kiswahili yake yenye inaimba. "Kama inafunga uzazi, basi mumwambie bwana yangu hii ni nini. Bugali?"

Mulolongo yote ikaanguka na kicheko. Mulinzi mumoja akakamata bidoni ya bibi yake mwenyewe, akaileta kwangu, akasema tia haraka mbele yeye hajabadilisha mawazo. Kesho yake nilimuomba Goreti asimame na mi. Nilimwambia hakuna mushahara, kuna savoni mara moja moja. Akasema savoni anaijua, mushahara hajawahi kuonana nayo, basi hataisikilia kiu.

Yeye njo alinifundisha kwamba mulolongo haupigwe kelele. Salimia mutu na jina yake. Uliza yule mutoto wa kuhara ameamukaje. Balobaji bapite kwanza, juu balobaji bakichelewa banasukuma, na bakisukuma bidoni zinamwangika. Na mutu akikataa kabisa, chota mayi yako yenye iko na dawa na yenye imengoja, kunywa mbele yake, kiisha endelea na mutu mwingine sawa hakuna kitu. Asubuhi ya tatu atakuya mwenyewe. Mi nilikuwa nataka batu baogope kolera. Goreti alikuwa anataka batu bamuzoee yeye. Yake ilishinda.

Ile tumbo ilitumika na sisi karibu mwezi. Mutu akileta maneno ya uzazi, Goreti anageuka tu upande, tumbo ionekane, maneno inaisha. Kiisha asubuhi moja anainama kufunika ndoo ya dawa ya mama, uchungu ikamushika. Akajishika ku ndoo. Ndoo ikapinduka, yote juu ya magoti yangu. Hii doa kubwa hapa, yenye iko sawa karte, ramani ya Kongo, ni ile ndoo. Nilikimbia mu ziwa mupaka kiuno, juu ile dawa inauma ngozi, na kule mu mayi ninalalamikia kitenge yangu mupya. Yeye amepiga magoti ku muchanga, uchungu inamukata, na anacheka. Bilikuwa bintu ya kukasirika. Nilitoka pale na mayi inatoka ku nguo, tukamupandisha pikipiki, nikakaa nyuma yake kumushika mupaka ku sentre ya afya. Akazaa musichana. Jina ya ubatizo mi nimeisahau, juu batu ba ziwa balimuita Klorina, na alikuwa anaitika.

Basi tulitumika vile, miaka juu ya miaka. Kolera ikipumzika, barele bengine, batu ba kujitolea sawa sisi, banaondoka, banarudi ku mashamba. Goreti anakuya. Ziwa ilipanda, penye tulikuwa tunasimama ikakuwa mayi, tukahama juu kidogo. Goreti akakuya. Mi magoti yangu yakakataa, nikaanza kuleta kiti. Yeye alikuwa anasimama.

Njo tufike ku ile siku ya heshima.

Komite ya afya ilisema kutafanyika karamu ya kushukuru batu benye balitumikia bengine bure: bashefu ba avenyu benye balizika batu wakati ndugu zao bamekimbia, na sisi ba klore. Mukubwa wa baganga ba hospitali angetoka Fizi-Centre mwenyewe, kupeana mukono mbele ya batu bote. Kila avenyu ichague mutu yake. Avenyu yangu balinichagua mi. Nilifurahi, sitaongopa. Nililala na hiyo furaha siku mbili. Kiisha nikauliza Goreti ni avenyu gani itamuita.

Hakuna avenyu. Yeye ni wa kambi.

Nikaenda ku kambi, kwa komite ya bakimbizi. Batu bazuri, balinipa kiti. Bakasema Mama Goreti hajatumika siku hata moja mu kambi, alikuwa anatumikia batu ba Baraka, basi ba Baraka bamushukuru. Nikarudi kwa prezida wa komite yetu, Papa Wilondja. Ni mutu muzuri, Papa Wilondja. Muwe na hiyo mu kichwa, juu mukimusikia mu hii habari mutafikiri vibaya. Mutu mwenye anatengeneza karamu iko sawa mutu mwenye anapika bugali ya batu mia: ukimusemesha, anaona tu kama inaungua.

Nikamwambia ba kambi banasema ni wetu. Akasema hapana, heshima yake itatoka ku kambi. Nikamwambia kule banasema itatoka huku. Akasema basi ni maneno yao. Nikasema, sawa, basi muite yeye ku nafasi yangu. Mi nitapiga makofi.

Akaniangalia sana. "Mama Nabindu," akasema, "heshima haiko sombe ya kugawia jirani. Batu ba avenyu balikuchagua. Ukibarudishia, unabatukana."

Nikaondoka. Na ilikuwa neno ya kweli, njo shida.

Sasa sikilizeni sababu ya haraka yangu. Ile wiki ya karamu, bakimbizi benye bamekubali kurudi kwao balikuwa banaondoka. Gari zilikuwa zinakuya kubachukua. Mama Goreti alikuwa amejiandikisha. Gari yake ilikuwa ya kesho yake ya karamu, asubuhi. Ni kusema, kama hakuna mutu alimushukuru ile siku, ile kazi yake yote itapanda gari na yeye, itavuka mupaka, na kule kwao nani anajua Baraka? Nani anajua mulolongo ya ziwa? Atakuwa tu mwanamuke mwenye alikuwa mbali miaka mingi.

Nikamuita akuye ku karamu, hata bila kuitwa. Akakataa. "Yaya, dada yangu mukubwa, mi siwezi kusimama ku mulango penye batu banakula." Kiisha akafikiri. "Lakini seringe na jile haziko zangu. Ile siku nitazileta, nitakuachia, nitachota mayi ya safari, nitarudi."

Nikasema basi lete. Sikukuwa na akili ingine mu kichwa, musifikiri nilipanga.

Munajua desturi ya bamama ba hapa. Mugeni wa heshima hakanyage udongo. Akitokea, kila mama anafungua kitenge yake ya juu, anaitandika ku njia, bitenge inaungana kutoka barabara mupaka penye mugeni ataketi, na mugeni anapita juu. Na kuna sharti: kitenge haitandikwe mbele mugeni hajaonekana, juu ya vumbi na kuku. Na ikisha kutandikwa, haiamuke bila mguu. Mama mwenye anaokota kitenge yenye haijakanyagwa, ni kusema alitandikia upepo. Batamucheka mupaka kaburi.

Ile asubuhi tulipanga mustari. Bitenge za bamama zilikuwa zingine zina harufu ya sanduku, hazijavaliwa hata mara moja. Papa Wilondja anapita anakagua, na koti yake nyeusi, na kikopo ya pudre mu mukono, ile unga nyeupe ya kumwangia batu ba heshima ku kichwa. Akafika kwangu. Akaona hii.

"Mama Nabindu. Hakuna ingine?"

"Papa Prezida, hii njo kitenge ya kazi yenye munashukuru."

Akapumua. Akasema muganga mukubwa asifikiri Baraka iko na ugonjwa ya nguo. Kiisha akaniambia kwa heshima nisimame mwisho kabisa, kule ku barabara pa matope, penye mugeni atatoka mu gari na hataangalia chini. Nikaenda. Mwisho ya mustari ya bamama, lakini kwa mwenye kutoka barabara, iko ya kwanza. Papa Wilondja hakuliona hilo. Hata mi.

Mama Riziki tulimupandisha juu ya lundo ya mawe, akuwe macho yetu. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kushuka kutoka Fizi ilikuwa mubaya, muganga mukubwa akachelewa. Jua ikatupata. Ba ngoma balichoka, bakaketi juu ya ngoma zao. Mutoto wa mutu akaanza kuomba mayi, bamama bawili balitaka kurudi ku nyumba kugeuza maharagi.

Njo pikipiki ikatokea pale ku mupando, taa inawaka na muchana, honi inapiga bila kuachia. Sasa mujue, gari ya mukubwa hapa kwetu haikuyake peke yake. Pikipiki inatangulia kufungua njia. Mutoto wa miaka mitano anajua hiyo. Na Mama Riziki aliona taa, alisikia honi, hakungoja gari.

"Amefika," akasema, na munajua anasemaka namna gani. Hata ba Kazimia balisimama.

Bitenge zikaanguka chini pamoja sawa ndege zinatua. Bigelegele ikapanda. Ba ngoma bakaruka. Papa Wilondja akafunga kifungo ya koti. Pikipiki ikafika mbele ya magoti yangu, ikasimama, na mwenye kuendesha akatuangalia, akazima honi. Alikuwa anapigia mbuzi, masikini. Mbuzi za Kardinali zilikuwa zimejaa barabara.

Nyuma yake akashuka Mama Goreti. Bidoni ya manjano mu mukono moja, jile na seringe mu sashe, mufuko ya plastiki, mu mukono ya pili.

Bigelegele ikakufa kidogo kidogo. Ngoma iliendelea, juu mupiga ngoma mukubwa anapigaka na macho yamefunga. Mutu akamugusa bega, naye akanyamaza.

Goreti akaangalia ile njia yote ya bitenge. Akaangalia miguu yake, matope mupaka ku vifundo. Akavua kandambili, akazishika, na akaanza kuzunguka, apite mu majani pembeni.

Papa Wilondja alikuwa amefika mbio. Akasema kwa sauti ya chini, bamama, tafazali, ziokoteni, mukubwa atafika sasa. Hakuna mwenye aliinama. Si kwa ubaya. Kila mama alikuwa anangoja mama mwingine aokote kwanza. Mama Riziki, kule juu ya mawe, akasema yeye ya kwake imetandikwa, na yeye hatandikiake upepo.

Goreti akasimama mu majani. "Bamama, si mi," akasema. "Musiharibu bitenge juu yangu. Mi nimeleta seringe tu."

Nikamuonyesha hii ya kwangu, pale chini.

"Mama Goreti. Hii unaijua?"

Akaangalia. Niliona macho yake inatembea ku doa hii, ku doa ile, kiisha ikafika ku ile kubwa, ikabaki.

"Ile ni mi," akasema.

"Uliniombaka musamaha?"

"Hapana, Yaya. Nilichekaka."

"Basi hii ulikwisha kuiharibu. Kanyaga."

Akafikiri. Aliona ni kweli. Akatoka mu majani, akaweka mguu moja juu ya hii kitenge, kiisha ya pili, akasimama pale sawa mutu mwenye amepanda mutumbwi na haijue kama itazama. Na kitenge ya pili ilikuwa inagusa yangu. Ile mama wa pili, ule mwenye alikatazaka batoto bake klore wakati ya kolera, alinyoosha kitenge yake na mikono miwili, akatoa mukunjo, akasema, "Pita, mama. Yangu nayo haitandikiwe upepo."

Bigelegele ikaanza tena. Hii ya pili haikukuwa ya Mama Riziki. Ilianza yenyewe.

Alipita yote. Na bidoni mu mukono, na kandambili, na matope, kila kitenge na alama ya mguu yake, na nyuma yake kila mama anaokota ya kwake na kujifunga. Akafika chini ya bashi, ile turubai penye viti viko, na pale mbele alikuwa amesimama Papa Wilondja na kikopo ya pudre. Niliogopa, sitaficha. Nilijua angeweza kusema neno moja ya heshima, neno ya kweli kabisa, sawa ile ya sombe, na yote ingeisha pale.

Yeye akaangalia bidoni. Bibi yake, batoto bake, balikunywa mayi yenye ilitiliwa dawa na nani miaka yote ile? Hakuuliza mutu. Akafungua kikopo, akamwangia Goreti pudre ku kichwa. Si kidogo. Ilishuka mupaka ku mabega. Akamuonyesha kiti ya mbele, akasema tu, "Keti, mama. Umesimama sana."

Gari ya muganga mukubwa ilifika kiisha. Alishuka mu matope, akatembea ku udongo sawa sisi bote, juu kitenge ya heshima haitandikwe mara mbili siku moja. Hakukasirika. Ni mutu wa kucheka. Alimukuta mbele mwanamuke mumoja mweupe na pudre, na bidoni kati ya miguu, akamupa mukono yeye wa kwanza, akamuuliza Papa Wilondja, huyu mama ni wa avenyu gani?

Mi nilikuwa karibu. Nilisikia vizuri.

"Ni wetu," Papa Wilondja akasema. "Wa ziwa."

Kiisha balituita na sisi, mumoja mumoja, na mi nikapata mukono na pudre. Tukakula muchele na nyama. Maneno mingi ilisemwa, yote muzuri, nimeisahau.

Mbele jua haijaanguka nilishuka na Goreti pa ziwa. Akaingia mupaka magoti, akapita penye banafua, akachota. Nikamutilia dozi na ileile seringe yenye alirudisha. Kesho yake gari ilipiga honi ku kambi, akapanda na Klorina na ile bidoni. Klorina aliniambia kwa telefone, kiisha, kwamba balikunywa mayi ya Baraka mupaka kwao.

Seringe ni hii. Ya plastiki, namba zake zimefutika, lakini mukono inajua. Mutaishika kwa zamu.

Na kitenge, mi nilitaka nisiifue. Nilitaka ibaki na ile mguu. Lakini munajua sina mingi, na kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Nilifua. Matope ilitoka. Madoa ilibaki.